Kipande chenye Alama ya Chaki

Marehemu mume wangu hakuwahi kunituma uzi kwa kunitajia rangi. Alikata kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, kutoka pindoni mwa nguo iliyokuwa mezani, akakivutia mstari wa chaki upande wa ndani, kisha akakiweka kiganjani mwangu na kunifumba vidole kana kwamba kingeruka.

"Rangi ya mdomoni ni ya uongo," alisema. "Ukimwambia mwenye duka kijani, atakupa kijani chake yeye. Wewe usiseme neno. Mwonyeshe kipande."

Tulioana Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1997. Nilikuwa nimeingia Kigali tarehe 9 Septemba 1995, nikitokea Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walizeekea ukimbizini. Huko ndiko nilikozaliwa, nikajifunza Kiswahili, nikasoma mpaka darasa la tatu, kisha nikaachishwa shule ili nilee wadogo zangu. Mume wangu alikuwa mtoto wa Nyakabanda, fundi mwana wa fundi, na mimi sikujua kushona hata kifungo. Basi kazi yangu ya kwanza katika karakana yake ikawa kubeba vipande.

Niliteremka navyo mpaka kwenye maduka ya uzi na vifungo, nikasimama mlangoni. Ndani sikuingia, kwa sababu mume wangu alikuwa amenikanya: chini ya taa kila uzi unafanana na kila nguo, ukweli uko juani. Mwenye duka alitoka na uzi wake, akaulaza juu ya kipande changu, akatikisa kichwa. Wa pili akatikisa. Wa tatu akatikisa kabla hata sijanyoosha mkono. Kulikuwa na siku nilizopita mtaa mzima nikitikisiwa vichwa, mpaka nikamfikia mmoja aliyelaza uzi juu ya kitambaa na uzi ukapotea machoni, haukuonekana tena. Huyo ndiye.

Hata hivyo hakuniuzia mpaka amekigeuza kipande na kuona chaki. Vijana wa karakana nyingine walikuwa na mtindo wa kujikatia vitambaa na kuagiza uzi kwa majina ya mabwana zao, na wenye maduka walikuwa wamechoka kurudishiwa mali. Kwa hiyo kipande kilicholingana lakini hakina chaki hakikupewa kitu. Chenye chaki lakini hakikulingana hakikupewa kitu. Vyote viwili vilitakiwa. Sikuona ajabu yoyote katika utaratibu huo. Niliuona kuwa kawaida ya mtaa, kama watu wanavyosalimiana kabla ya kuulizana bei.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye baraza inayotazama barabara, cherehani nne, meza ndefu ya kukatia na pasi ya mkaa. Aliyekata hakushona, na aliyeshona hakukata. Mume wangu alikata. Dada yake, wifi yangu, alishona mishono mirefu, na yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kufumua nguo zilizoharibika, kwa wembe uliofungwa uzi kwenye mguu wa meza. Mzee mmoja mpole alitoboa na kudarizi matundu ya vifungo. Hakuna aliyeanza mpaka uzi umefika, kwa hiyo wote walinitegemea mimi, nisiyejua kitu.

"Wifi," dada wa mume wangu alinipokea kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "umeleta uzi au umeleta habari za sokoni?"

"Vyote."

"Basi toa uzi kwanza. Habari tutazisikiliza tukishona."

Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za vipimo zilizokatwa kutoka mifuko ya saruji: mgongo wa mteja huyu, mkono wa yule. Mteja aliweza kupotea miaka, akarudi amevaa sura nyingine, na mume wangu akainua mkono bila kutazama na kushusha karatasi yake. Nguo ya kwanza ya mtu ilichukua muda mrefu. Ya pili ilikuwa tayari kabla hajamaliza kueleza. Nakumbuka harufu ya sufu iliyolowa chini ya pasi, redio ikisoma vifo na ndoa kwa Kinyarwanda, na miezi ya harusi ambapo mishanana ya hariri, mavazi ya harusi ya Kinyarwanda, ilijaa chumba kizima hata hatukuwa na pa kukaa, tukala tumesimama, tukicheka, vidole vimejaa nyuzi.

Mwaka 2015 mume wangu aliambiwa kwamba ana homa ya ini aina ya B, na kwamba ini limekwisha kuwa gumu. Mimi na watoto tulipimwa. Hatukukutwa na kitu, tukachanjwa mara tatu kama ilivyotakiwa. Wifi yangu pia aliitwa. Alisema kesho. Alisema kesho mpaka kaka yake akafariki, Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Jumatatu, tarehe 22 Januari 2018, nilijiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima. Wapo waliosema mjane wa miaka arobaini na mitano hana la kutafuta darasani. Sikuwajibu. Nilishona sketi mpya ya buluu, nikaenda nayo, nikakaa kiti cha mbele, kwa sababu niliona kwamba mtu aliyengoja miaka thelathini na zaidi amekwisha kulipia kiti chake. Mchana niliiendesha karakana pamoja na wifi yangu, na jioni nilisoma. Mwaka 2023 nilikuwa nimefika mbali kiasi cha kufundishwa biolojia na kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza.

Mwezi wa Aprili mwaka huo wifi yangu alikuja kazini na kikombe chake.

Wakati huo alikwisha kuhamia Busanza, na kila asubuhi alivuka mji mzima kuja Nyakabanda. Alitoa kikombe kwenye mkoba, akakiweka peke yake dirishani. Kisha akatoa wembe mpya uliozungushiwa karatasi, akauweka kando ya kikombe. Kiswahili chake ni cha Kigali, nami ninakiandika kama alivyokisema.

"Umehamia huku na vyombo?" nilimuuliza.

"Kikombe cha hapa iko na ufa."

"Iko na ufa tangu mwaka 1999, na umekinywea."

"Sasa nimezeeka. Mdomo iko laini."

Tulicheka, lakini niliona kwamba sahani yetu ya mchana hakuigusa. Alisema ameshiba. Siku iliyofuata alishiba tena. Mpaka alasiri moja, mzee wa matundu ya vifungo akiwa ameondoka mapema, aliniita karibu na dirisha, akavuta ukope wake chini kwa kidole.

"Nitazame. Iko njano?"

"Jicho ni jekundu, kwa sababu umelisugua."

"Tazama vizuri, wifi. Usinifariji."

Nilitazama vizuri. Sikuona njano, nikamwambia hivyo. Akakaa. Akasema ubavu wa kulia ni mzito, chakula hakimwingii, na miguu haina nguvu ifikapo saa sita mchana. Akasema kaka yake alianza hivyo hivyo. Kisha akaonyesha mguu wa meza, mahali wembe wa zamani ulipokuwa ukifungwa.

"Ule wembe alikatia uzi, mimi nikafumulia, nikajikata, yeye akajikata. Miaka mingapi? Na siye ni tumbo moja."

"Basi twende upimwe."

"Reka," alinikata. Acha. "Nikipimwa nitakuwa mgonjwa. Sasa hivi nimechoka tu."

 Hofu yake nilikuwa naielewa, kwani niliishi nyumba moja na ugonjwa ule. Nilijua pia kwamba kama ana virusi vile, zipo dawa za kuvizuia kabla ini halijawa gumu, na kwamba kila mwezi wa kusema kesho ulikuwa unaliwa kutoka kwenye ini lake.

Ikatokea kwamba mwezi wa Mei mwalimu wetu akafika kwenye sura ya kinga ya mwili. Alichora ubaoni ngome, mipaka, wapelelezi, askari wa doria na wauaji. Alieleza kwamba virusi havina uwezo wa kuzaliana vyenyewe, bali huingia ndani ya seli na kuitumikisha. Akaeleza kwamba seli nyeupe za damu hazipigani kila moja kivyake, bali hupashana habari na kugawana kazi. Nilinakili kila mshale. Nikaona nimepata jibu. Kesho yake, kabla hata ya kuwasha pasi, nikamwambia wifi yangu kwamba ndani ya mwili wake kuna jeshi.

"Jeshi?"

"Ndiyo. Kuna walinzi, kuna wapelelezi, na kuna seli zinazoitwa uaji, hizo zinaingia kwenye ini na..."

Akaweka kitambaa chini.

"Ndani ya ini langu?"

"Zinaua seli zenye virusi."

"Wifi," alisema, na hakupandisha sauti, "wewe ulikuja Kigali baadaye. Mimi mwaka 1994 nilikuwa hapa. Usiniletee askari na wauaji ndani ya mwili. Kama wamelala, waache walale."

Alimaliza mshono aliokuwa ameuanza, akafunika cherehani, akaenda zake. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Simu yake iliita bila kupokelewa. Nilikaa katika karakana nikitazama cherehani yake iliyofunikwa, nikatambua kwamba mchoro wa mwalimu haukuwa na kosa, ila haukukatwa kwa vipimo vya mtu huyu.

Jumamosi, tarehe 27 Mei, ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulipomaliza kuzibua mifereji ya mtaa wetu na mkutano ukaisha, niliosha miguu, nikachukua pikipiki hadi Busanza. Nilimkuta wifi yangu amekaa kitandani, kanga begani, akimenya maharagwe mabichi.

"Umekuja na jeshi lako?"

"Nimelifukuza kazi."

Akanisogezea sinia. Tukamenya pamoja kwa muda, kisha nikaanza, na safari hii sikuanzia kwenye daftari.

"Chukulia mtu mgeni," nilisema, "anaingia karakana ya watu usiku. Hana cherehani, hana mkasi, hana hata sindano. Ana karatasi ya vipimo peke yake. Anaiweka mezani juu ya karatasi zenu. Asubuhi mnaamka, mnashona nguo zake siku nzima bila kujua, mpaka mnachoka, na nguo zikishonwa zinatoka kwenda karakana ya jirani zikiwa na karatasi ileile mfukoni. Hicho ndicho kirusi."

"Mwizi mvivu."

"Mvivu kupita wote. Sasa, karakana iliyoingiliwa ina kilio chake. Ikigundua, inapiga kelele, na majirani wanafunga milango na kupunguza kazi, hata kama mgeni hajawafikia."

"Hiyo ndiyo ile homa?"

"Ndiyo sehemu yake. Ile baridi na maumivu ya mwili, mara nyingi ni kelele za majirani kuliko za mwizi. Wafagiaji nao wanakuja, seli zinazomeza takataka zote zinazozagaa. Lakini wafagiaji hawajui huyu ni mgeni gani. Wanafagia tu."

"Nani anajua?"

"Mimi."

Akanitazama.

"Mimi wa mwaka 1997," nilisema. "Kuna seli zenye matawi, zinakaa mipakani mwa mwili. Zikikutana na yule mgeni, hazimbebi mzima. Zinakata kipande chake, kidogo tu, zinakivaa juu, zinateremka nacho mpaka kwenye tezi. Na huko kwenye tezi kuna seli saidizi, maelfu kwa maelfu, kila moja inajua uzi mmoja tu hapa duniani."

Wifi yangu aliacha kumenya.

"Wanatikisa kichwa," alisema.

"Wanatikisa kichwa. Mmoja baada ya mwingine. Mpaka anapatikana yule ambaye uzi wake unapotea juu ya kile kipande. Na hata huyo haanzi kazi."

"Mpaka aone chaki!"

Alisema kwa sauti, hata mjukuu wa jirani akachungulia dirishani. Nikamweleza kwamba chaki ya mwilini ni alama ya hatari, ambayo seli yenye matawi huivaa pamoja na kipande pale inapokuwa imesikia zile kelele. Kulingana bila alama hiyo hakutoshi. Mwili ungekuwa unaanza kazi kwa kila kipande kinachopita, ungejifumua wenyewe.

"Kaka yangu alikuwa anajua haya?"

"Alikuwa anajua uzi."

"Endelea."

"Huyo aliyelingana anajizidisha, wanakuwa wengi, ndiyo maana tezi za shingoni zinavimba. Wengine wanakwenda kwa seli za aina nyingine, ziitwazo seli B, na hizo zinatengeneza kingamwili. Kingamwili ni kama vifungo vilivyopimwa kwa tundu moja tu. Vinamwagwa kwenye damu, vinamnasa mgeni akiwa njiani, anakosa pa kuingilia. Lakini kifungo hakiingii ndani ya karakana. Mgeni aliyekwisha kuingia, kifungo hakimfikii."

"Hapo ndipo wale wako wanakuja. Wale wauaji."

"Siwaiti hivyo tena. Kila seli ya mwili, wifi, inatundika mlangoni vipande vya kile inachokishona ndani. Wakati wote. Wapo wanaopita mlango kwa mlango wakivitazama. Wakiona vipande vya nyumbani, wanapita. Wakiona kipande cha mgeni, na wamekwisha kupewa ruhusa na wasaidizi, wanaifumua nguo hiyo. Wanaifumua yote, kwa sababu imeharibika, na ini lina tabia njema, likifumuliwa mahali fulani hushona upya."

 Aliangalia kidole gumba chake cha kushoto, ambacho kina alama nyingi ndogo kuliko chochote nilichowahi kukiona kwa fundi.

"Wafumuaji," alisema.

"Wafumuaji."

"Hiyo ni kazi yangu mimi."

"Ni kazi yako. Na kazi ikiisha, wengi wao wanakufa, lakini wachache wanabaki na karatasi ya vipimo msumarini. Mgeni akirudi baada ya miaka ishirini, nguo yake iko tayari."

Aliinuka akamimina maharagwe kwenye chungu. Alinipa mgongo kwa muda mrefu kuliko maharagwe yalivyohitaji. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa njia nzima.

"Na kaka yangu? Yeye alikosa wafumuaji?"

Nilimwambia sijui. Nikamwahidi kuuliza.

"Uliza," alisema. "Mimi nitapimwa. Kama niko na wafumuaji, nataka kujua kama walifanya kazi au walikuwa wanapiga soga kama wewe."

Jumatatu jioni nilimngojea mwalimu mpaka wenzangu wametoka. Nilimuuliza kwa nini mwili wa mtu mmoja humtoa mgeni, na wa ndugu yake wa tumbo moja humweka. Alinisikiliza amesimama na kifutio mkononi. Alinieleza polepole, na nilimheshimu zaidi kwa sababu hakukimbilia kitabu. Kisha nikamsimulia habari ya wafumuaji. Alicheka, akaangalia ubao, akacheka tena.

"Mama, hiyo ni sahihi. Lakini kwenye mtihani andika seli uaji."

"Nitaandika, mwalimu. Nyumbani nitaendelea kufumua."

Tulikwenda hospitali Jumatano, tarehe 7 Juni. Wifi yangu alivaa gauni la kitenge alilojishonea kwa sikukuu ya Idi, akajifunga kilemba kana kwamba tunakwenda kumpokea mkwe. Muuguzi, binti mwembamba, alimwonyesha kiti.

"Mukecuru, kaa hapa."

Mukecuru ni bibi kizee. Wifi yangu alibaki amesimama.

"Mukecuru ni yule aliyemzaa mama yako. Mimi niko na meno yote."

"Samahani, mama."

"Sasa nitakaa."

Alitoa mkono bila kutazama pembeni. Damu ilipojaa kwenye chupa ndogo, alimuuliza binti yule kama wanatafuta mgeni au wanatafuta wafumuaji. Muuguzi alinigeukia mimi. Nikamwambia wanatafuta vyote viwili, virusi vyenyewe na kingamwili zake, akaandika bila kuuliza zaidi.

Majibu yalitoka Jumatano iliyofuata, tarehe 14. Daktari alitusomea kwa Kinyarwanda, kisha akarudia kwa Kiswahili aliposikia sisi wawili tunanong'onezana. Virusi havikuonekana katika damu. Ini lilikuwa zima. Lakini kulikuwa na alama kwamba viliwahi kuingia mwilini, zamani, na kingamwili zilikuwapo, nyingi, za kumlinda maisha yake. Uzito wa ubavuni ulikuwa wa vidonda vya tumbo, na uchovu ulikuwa wa mtu anayevuka mji kila siku bila kula mchana. Akamwandikia dawa za tumbo.

"Alikuja?" wifi yangu aliuliza. "Huyo mgeni. Alikuja kwangu?"

"Alikuja, mama. Mwili wako ukamtoa."

"Lini?"

"Hilo hatuwezi kujua. Watu wengi wazima hawasikii chochote."

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi la saruji penye kivuli cha jengo. Nilitegemea atashukuru, atapiga vigelegele, atanitania. Alilia. Alilia kwa hasira, kilemba kikamlegea, nami nikakishika kisianguke.

"Mimi mfumuaji tu," alisema. "Yeye ndiye alikuwa fundi. Wembe ni huo huo. Kwangu wakamtoa, kwake wakamwacha. Kwa nini wakamwacha?"

Nikamwambia nilichopewa na mwalimu, bila kukipunguza. Nilisema kwamba mtu akiingiliwa na virusi hivyo akiwa mkubwa, mara nyingi seli zake humtambua mgeni na kazi yote huenda kama nilivyomweleza. Lakini mtoto anayevipata anapozaliwa, kutoka kwa mama asiyejua kwamba anavyo, hupokea mgeni siku zilezile ambazo mwili wake unajifunza nini ni cha nyumbani na nini si cha nyumbani. Seli zake zinapita mlangoni, zinaona kipande, na kipande kimekuwapo siku zote. Zinapita. Baada ya miaka mingi, zikija kushtuka, zinafumua kidogo, zinaacha, zinafumua tena, na ini linajaa makovu ya mishono mibaya.

"Hatuna hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake," nilimwambia. "Lakini mwalimu anaona ndivyo."

 Wagonjwa walipita na bahasha zao. Mtu mmoja alitusalimia, hatukumwitikia upesi, akaondoka.

"Kwa hiyo hakukosa wafumuaji," alisema hatimaye.

"Hakukosa."

"Walimwona mgeni wakafikiri ni mtoto wa nyumbani."

"Ndivyo."

"Na mama yetu hakujua."

"Asingeweza kujua. Wakati ule hakuna aliyekuwa anapima."

Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akakifunga upya, kwa nguvu, mbele ya kioo cha dirisha la hospitali. Nilifikiri tunaondoka. Badala yake alikaa tena, akatoa simu, akaishika mbali na macho kama anavyoshika sindano akitafuta tundu lake, akampigia binti yake mkubwa anayekaa Masaka, pembeni mwa Kigali, na watoto watatu.

"Wewe. Kesho unakuja hospitali. Wewe na watoto na huyo mume wako."

Sauti ya binti ilisikika mpaka kwangu. "Mama! Umekutwa na ugonjwa wa mjomba?"

"Sijakutwa. Ulishakuja ukafukuzwa."

"Sasa kama ulifukuzwa, sisi tunapimwa nini?"

"Sijui ulifukuzwa lini. Kama ni kabla sijakuzaa au baada. Unataka nikubahatishie? Mkiwa hamna kitu mtachanjwa, mkiwa nao mtapewa dawa. Hapana, si kesho kutwa. Kesho kutwa ndiyo ile kesho yangu, naijua mimi."

"Mama, kesho kuna..."

"Kesho hakuna kitu. Nitakaa hapa kwenye benchi nikungojee, mimi na wifi yangu."

Hakuniuliza kama nina nafasi. Akakata simu, akavuta pumzi, akatafuta namba ya wa pili.